Nalima

Fomu ilitaka jina la babu wa baba yangu
na mahali alipozaliwa.
Kalamu ilisimama hapo hapo, wino ukaanza kunenepa.

Nikaanzia Ndala, kwenye vitabu vya parokia.
Katekista Lutonja alipuliza vumbi, akapiga chafya,
akanifunulia mwandiko uliolala upande
kama mtama baada ya upepo:
ndoa, vifo, ubatizo,
na mzazi mmoja aliyeandikwa "mpagani" basi,
kana kwamba mama yake alimwita hivyo alipomtuma maji.
Wa kwetu hakuwamo. Mwaka wake
mchwa waliula kuanzia Mei hadi Novemba.

Tabora mjini, ghala la zamani la ushirika:
stakabadhi ya karanga, magunia manne.
Mlipwaji: Nalima. Kijiji: Usoke.
Penye sahihi pamebonyezwa dole gumba,
mistari yake imejikunja
kama matuta yanayokwepa kichuguu.
Nikaweka langu kando yake. Sikuona kitu.
Mtunza ghala akatikisa funguo.

Basi treni, kisha baiskeli ya kukodi,
kisha Shangazi Kalunde ndani ya bani,
kasimama juu ya ngazi anashusha tumbaku,
jasho na vumbi la majani vimemfanya wa dhahabu.
"Mwangaluka," nikasema.
Akaitikia, akanirushia fito zima nilidake.
Nikamuuliza jina letu lina maana gani,
lilitoka kwa nani, lilitoka wapi.
Akacheka hadi ngazi ikalia.

"Lile si jina, mwanangu.
Alikuja karani wa kodi, na mwavuli, na daftari.
Mzee yuko shambani, mvua imekaribia, mgongo umepinda.
Karani anasema: Wewe!
Yeye hainui kichwa: Nalima.
Karani akaandika, akakata risiti, akapita.
Mwaka wa pili wakaja na daftari lile lile
wakaita Nalima, Nalima,
mpaka akachoka kukataa."

Na jina lake hasa?

Akapangusa mikono kwenye kitenge.
"Watoto walimwita Baba.
Mkewe alimwita kwa jina la mtoto wa kwanza.
Wenzake waliolijua walikufa kabla sijaota meno.
Unalitafutia nini? Alikuwa na deni lako?"

Nikaenda peke yangu hadi mahameni, alikoanza.
Msitu umerudi kuchukua chake,
lakini chini ya nyasi matuta bado yapo,
macho hayayaoni, nyayo zinayajua:
panda, shuka, panda, shuka.
Katikati ya shamba aliacha mninga mmoja.
Labda kwa ajili ya mzinga, labda kwa kivuli,
labda kwa uvivu.
Naomba iwe uvivu,
nipate japo kitu kimoja nilichorithi,
maana mimi ni Nalima wa nne, na silimi.
Natengeneza redio karibu na stesheni,
vidole vyangu vinajua bisibisi
na kupuliza moshi wa risasi ya kulehemu.

Niliporudi, Shangazi alinipa jembe
pasipo neno, kama mtu anavyopewa kijiko.
Jua la saa nane. Tuta moja na nusu,
malengelenge mawili, la tatu likijifikiria.
Simu ikalia mfukoni.
Yule binti wa ofisi ya vitambulisho:
fomu yako ina pengo, dirisha linafungwa saa tisa,
uko wapi, unafanya nini huko?

"Nalima," nikasema, nikihema.

"Jina lako ninalo hapa mbele yangu," akasema.
"Nimekuuliza unafanya nini."